Mlima hauko hapa: tulivyohama Goma kwenda Bukavu na watoto watatu

Jumapili 21/8/2022, Goma

Leo njo tumewaambia watoto. Baba yao alipata kazi Bukavu, kule kusini mwa ziwa Kivu, tangu mwezi wa sita, ameshatangulia, nyumba ameshapanga kule Kadutu, na mimi nimekaa na hii habari tumboni wiki tatu nikitafuta namna ya kuisema. Majirani karibu wote walinishauri nisiwaambie mapema, eti watakusumbua na vilio, siku ya safari fungasha nguo wapande boti basi. Nimekataa, na sababu yangu ni moja tu.

Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo, mlima wa volkano wa Goma, ilipopasuka na anga yote ikawa nyekundu, niliwatoa kitandani tukakimbia kama watu wote. Tukarudi. Halafu tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa 10 ya Goma itoke, na mimi nikawaambia watoto tunaenda Minova kulala kwa shangazi, kesho tunarudi. Nilisema vile ili wasilie njiani. Tulikaa zaidi ya wiki mbili. Mtoto wangu wa pili, wakati ule alikuwa na miaka saba, kila asubuhi alivaa viatu akakaa mlangoni na kamfuko kake kwa sababu mama alisema kesho. Siku ya nne akaacha kuvaa viatu. Siku ya tano akaacha kuniuliza. Na mpaka leo nikimwambia hata ugali iko karibu kuiva anaenda kufunua sufuria aangalie mwenyewe.

Kwa hiyo safari hii nimejiapia, nitasema kweli hata kama watalia.

Majina yao sitayaandika. Mkubwa ni binti wa miaka 12, wa pili ni mvulana wa miaka 8 sasa, na kadogo ana miaka 4. Tulikaa kwenye mkeka baada ya misa, baba yao kwenye simu, sauti tumeiweka juu wote wasikie, nikawaambia: tunahama Goma, tunaenda kukaa Bukavu, si kutembea, kukaa, tunatoka Alhamisi jioni. Koko, bibi yao, anabaki.

Kadogo akauliza, "Na kitanda yangu?" Nikamwambia kitanda kinabaki lakini godoro na blanketi yako tunabeba. Akaridhika akarudi kucheza.

Wa pili akauliza, "Bukavu kuko volkano?" Nikamwambia hapana, hakuna. Nilidhani atafurahi. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Sasa usiku tutakuwa tunaangalia nini?" Sikuelewa swali, nikalipitia tu.

Mkubwa hakuuliza kitu. Alisimama akatoka, na chakula hakuja kula.

Jumatatu 22/8

Mkubwa bado amekasirika, anajibu kwa kichwa tu. Mimi nilitaka kumfuata na maneno, Bukavu ni nzuri, utapata marafiki wengine, vitu kama hivyo, lakini koko akanishika mkono akaniambia muache kwanza, sasa hivi anamlilia rafiki yake na wewe unamuletea mwingine kama nyanya za sokoni.

Usiku akaja mwenyewe jikoni. "Mumeamua bila kutuuliza."

Ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia kuhama hatukuweza kuwauliza kwa sababu bila ile kazi hata minerivali yake, ada ya shule, ya mwaka huu hatungelipa, lakini namna ya kuhama tunaweza kupanga pamoja. Tubebe nini tuache nini, tumuage nani, nani alale wapi kule. Akafikiri. Akasema anataka Jumatano nzima akae na rafiki yake wasukane nywele, na asitumwe kitu chochote siku hiyo, hata maji. Nikakubali. Maji nilichota mimi.

Jumanne 23/8

Siku ya kuaga. Hii ni shauri ya koko, yeye anasema mtoto akiondoka bila kuaga anabaki anageuka nyuma kila saa. Tulizunguka tangu asubuhi, shuleni kwao ingawa ni likizo na mlinzi akatufungulia, kwa mama wa maandazi, kwa binamu zao Majengo, halafu wa pili akaomba tufike Buhene kwenye mawe ya volkano ya 2021.

Yale mawe bado ni meusi na makali, mengine yanavunjika chini ya kandambili kama makaa, na juu yake watu wameshaanza kujenga tena, mbao na mabati. Koko akawaonyesha, akawaambia hata nyumba yake ya sasa iko hivyohivyo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 moto ulipita katikati ya mji mpaka ukaingia ziwani, nyumba yake ikafunikwa, na yeye akarudi akajenga ya mbao juu ya lile jiwe. Watoto walijua hadithi ya 2002 lakini hii ya kwamba chini ya sakafu ya koko kuna nyumba nyingine ya koko hawakuwahi kuisikia. Wa pili alilala chini kabisa akaweka sikio kwenye jiwe.

Jioni ilikuwa zamu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya wa pili. Anayo ndogo, mjomba wake alimchongea kwa mti, gurudumu zimefungwa mpira wa tairi, anaipenda kuliko nguo zake zote. Baba yake alisema kwenye simu kule Kadutu ni mteremko tupu, utaanguka hadi chini. Mimi ningeweza kuificha nikasema haikuingia kwenye boti. Nikamwambia ukweli, na yeye mwenyewe akaamua: anamwachia binamu, lakini si zawadi, ni kuazima. Akamfanya binamu arudie mara tatu mbele yangu, "Ni ya kuazima."

Jumatano 24/8

Kusukana nywele, kutwa. Sikuwaingilia. Niliona tu wakati napita, rafiki amekaa kwenye kiti, mkubwa wangu chini katikati ya magoti yake, uzi mweusi kwenye meno. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini kama wamama.

Alhamisi 25/8, kwenye boti

Tulipanda boti kubwa ya usiku, ile inayotoka jioni na kufika alfajiri. Boti za mbio zinavuka kwa kama saa tatu lakini hazibebi magodoro na sufuria za nyumba nzima, na pia nauli yake kwa watu wanne hapana. Bandarini ni kelele, wabebaji wanavutana na bagaji, mimi nahesabu mifuko na watoto, mifuko na watoto. Koko alikuja mpaka pale. Alilia waziwazi, na mimi nikalia, na kadogo akatuangalia akalia, na hatukuficha. Zamani ningejificha chooni.

Boti ilipoachana na ukuta wa bandari wa pili akaenda nyuma kabisa akashika chuma. Nilimfuata kwa sababu ya maji. Mji ulikuwa unawasha taa, na mlima uko pale juu yake, na kilele kina wekundu kidogo chini ya mawingu. Alisimama pale mpaka giza likaingia kabisa, mimi nimemshika shati kwa nyuma, na ndipo akaniambia.

Tangu tulipotoka Minova, kila usiku kabla ya kulala anatoka nje kuangalia mlima. Ukiwa kama jana, analala. Ukiwa na wekundu zaidi ya jana, analala na viatu. Zaidi ya miezi 14. Mimi nilikuwa najua anatoka, nilidhani anaenda kukojoa.

"Bukavu nitajuaje?" aliniuliza.

Mdomo wangu ulishafunguka kusema Bukavu hakuna hatari, lala tu. Nikaufunga. Kwanza si kweli, hakuna mahali pasipo hatari, na pili nilikumbuka vile viatu mlangoni kwa shangazi. Nikamwambia sijui, tutatafuta pamoja. Akasema, "Koko yeye anaona mlima." Nikampa simu. Mtandao ulikuwa unakatika lakini tukampata, tukamsikia anavaa kandambili, mlango, hatua zake kwenye mawe, anahema, halafu akasema, "Nauona. Moshi mdogo, na wekundu kama wa jana. Lala mwanangu." Akalala saa ileile juu ya gunia la nguo.

Usiku wa manane kadogo akaniamsha, "Mama, nyota zimeanguka ndani ya maji!" Zilikuwa taa za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja na miti mirefu, taa zinawaka juu ya maji ili samaki wapande kwenye mwanga, na wanaimba wakivuta nyavu, tulisikia kwa mbali kabla ya kuwaona vizuri. Mzee mmoja aliyekaa karibu yetu, mtu wa kisiwa cha Idjwi, akawaambia watoto kwamba sambaza si samaki wa hili ziwa kwa kuzaliwa, waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya hapo katikati ya Kivu kulikuwa karibu hakuna samaki wa kuvua. Na leo njo samaki tunayevua kuliko wote.

Mkubwa hakuwa amesema neno tangu bandarini. Akageuka. "Maji ya huku na ya kule ni moja?"

Mzee akamwambia hapana, hata kidogo, Tanganyika iko chini, ina joto, huku tuko juu kwenye baridi, na chini kabisa ya hili ziwa kuna gesi.

"Sasa waliwezaje?"

Mzee akacheka kidogo. "Mutoto, walikaa juu juu. Kule chini hawaendi."

Hakuuliza tena lakini hakulala, aliangalia zile taa mpaka zikabaki nyuma.

Ijumaa 26/8, Bukavu

Tulifika alfajiri. Mtu aliyezoea Goma akiiona Bukavu kutoka majini anashangaa kweli, mji umepanda milima, nyumba moja imekanyaga kichwa cha nyingine, na rasi zinaingia ziwani kama vidole. Kadogo alishuka akaangalia chini, kwao ardhi ni jiwe jeusi, huku ni nyekundu na inashika mguu. "Mama, udongo iko mugonjwa?"

Baba yao alitupokea. Kutoka barabara mpaka nyumba ni ngazi za udongo 71, mimi nilizihesabu kwa sababu ya godoro. Kadogo anajua kuhesabu mpaka 20 tu, kwa hiyo alihesabu 20 tatu na "zingine kidogo".

Usiku wa kwanza nilifanya kitu kimoja nilichokuwa nimekipanga. Sikupanga nyumba. Sahani, mapazia, vyote nikaacha mifukoni. Nilitandika magodoro kwa mpangilio wa Goma, kadogo upande wa ukuta, mkubwa katikati, wa pili mlangoni, blanketi zilezile ambazo sikuzifua kwa makusudi zibaki na harufu ya kwetu, nikapika uji kwenye sufuria ileile yenye mkono uliovunjika, na saa mbili tukasali kama kila siku. Mume wangu alisema kwani hii ni kambi? Nikamwambia subiri. Macho yao yameona vipya vingi sana siku moja, waache angalau kulala kubaki kulekule.

Jumapili 28/8

Kadogo amekojoa kitandani usiku mbili mfululizo, na alishaacha tangu mwaka jana. Pia anataka kulishwa na kijiko. Jirani mmoja, mama mwema kweli, alinishauri nimfunge godoro kichwani nimpitishe mbele ya watoto wenzake aone haya. Hapana. Niliuliza muuguzi wa kituo cha afya cha karibu, akaniambia hiyo ni kawaida kabisa kwa mtoto mdogo aliyehama, anarudi nyuma kidogo kama mtu anayetaka kuruka mtaro, usimpige, usimcheke, mwamshe mara moja usiku, mpe muda. Asubuhi tunaanika godoro mimi na yeye bila maneno mengi, yeye anashika pembe moja.

Na leo wa pili ameniuliza ile nilijua itakuja. "Hapa hatari gani iko?"

Nimemwambia. Nilimkalisha kwenye ngazi nikamwambia Bukavu hakuna mlima wa moto karibu, lakini mvua zikianza mwezi wa tisa udongo wa hii milima unaweza kuteleza, hasa nyumba zilizo kwenye ukingo wa bonde, na pia nyumba za mbao zikibanana hivi moto wa jikoni unaweza kushika nyingi. Yule jirani akanisikia, akanigombeza kwa sauti, eti unamtisha mutoto bure. Lakini mimi nilikuwa namwangalia usoni. Hakutishika. Mabega yake yalishuka. Mtoto huyu anajua tangu miaka saba kwamba ardhi inaweza kupasuka, ukimwambia hakuna kitu anajua tu kwamba hutaki kumwambia.

"Tunaangalia wapi?" akauliza.

Tukazunguka nyuma ya nyumba. Kuna mtaro wa maji unaopita kati yetu na ukuta wa jirani wa juu, ulikuwa umejaa majani, mifuko na udongo. Muzee wa nyumba ya chini alitukuta tumeinama, akatuletea jembe, akamwonyesha: maji yakipita hapa bila kusimama, nyumba iko salama, yakianza kusimama au yakibadilika kuwa uji mwekundu mzito, amsha baba yako. Walizibua mpaka jioni, wawili.

Usiku akakata boksi la sabuni. Mtu wa Goma anajua vile vibao vya rangi vya kuonyesha hatari ya volkano vilivyowekwa mjini, kijani, manjano, oranji, nyekundu. Akachora hizo rangi nne na kalamu za dada yake, akatoboa, akaweka kamshale ka mti, akakatundika juu ya mlango wa nyuma. Akazungusha mshale kwenye manjano. Nilimuuliza kwa nini si kijani, mvua hata haijanyesha. "Mama, hata Goma ilikuwa manjano."

Halafu akampigia koko. Moshi mdogo.

Jumatano 31/8

Tuliwapeleka mpaka pale Ruzizi inapotoka ziwani, karibu na mpaka wa Rwanda. Baba yao aliwaeleza kwamba haya maji yanashuka mpaka Tanganyika, na kwamba zamani za kale Kivu lilikuwa linatokea upande mwingine, kaskazini, kuelekea Nile, mpaka ile milima ya moto ya Virunga ikaota katikati na kufunga njia, ziwa likajaa likapata mlango huku. Wa pili alisikiliza mlima wake unavyotajwa akavimba kichwa. Kadogo alitupa kijiti majini, eti koko alikituma.

Ijumaa 2/9

Nimeanguka leo. Wa pili aliniuliza kama Noeli tutaenda Goma, na mimi nilikuwa naosha vyombo nimechoka nikasema ndiyo, ndiyo tutaenda. Akaondoka. Nilibaki na ile sahani mkononi. Sijui kama tutaenda. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi, na mwezi wa kwanza kuna minerivali tena, na mambo ya vita ya Bunagana huko juu tunasikia redioni kila siku.

Nilimwita. Nikamwambia, ile ya Noeli nimesema bila kujua. Ninataka twende, pesa sijui kama itakuwepo, na barabara na hali ya usalama pia sijui. Mwezi wa 11 nitajua, na nitakuambia hata kama jibu ni hapana.

Aliniangalia kidogo. "Sawa. Sasa njo umesema."

Jumatatu 5/9

Shule imefunguliwa. Wa pili na kadogo hawakuwa na shida kubwa, kadogo alilia mlangoni pa shule ya watoto wadogo nikamwachia kitambaa changu cha kichwa akishike, nikamwambia nitakuja baada ya uji wa saa nne, na saa nne na dakika tano nilikuwa pale. Hiyo "baada ya uji" ni muhimu, yeye saa haijui, uji anaujua. Alitoka anasema "Asinge! Asinge!" kwa kila mtu, ni salamu ya Mashi, lugha ya huku, amefundishwa na wenzake.

Mkubwa ndiye aliyepata siku mbaya. Yuko darasa la saba. Wenzake walimwita Volkano. Na juu ya hiyo, mkuu wa shule akamtoa kwenye mstari mbele ya wote kwa sababu ya nywele, shule ina mtindo wake wa kila wiki na suka zake si huo, arudi nyumbani afumue. Alirudi peke yake ngazi zote 71, akajifungia.

Nilienda mwenyewe. Sikugombana. Nilieleza kwamba zile suka alisukwa na rafiki yake siku ya mwisho Goma, sheria ya shule tunaiheshimu, tunaomba wiki moja. Kwanza alikataa kabisa, alisema kila mzazi ana hadithi. Nilikaa pale kwenye benchi mpaka akatoka kwenda kula, nikarudia maneno yaleyale. Akasema mpaka Jumatatu ijayo. Naandika hili kwa sababu wakubwa wengi tunaona nywele ni nywele. Kwa yule mtoto ile ilikuwa mikono ya rafiki yake bado iko kichwani.

Jumapili 11/9

Sikumkumbusha wiki nzima, na ilinikaba shingoni kweli. Leo baada ya chakula amekuja na kitana na kiti kidogo, akakaa katikati ya magoti yangu. "Mama, fumua."

Tulifumua taratibu, saa mbili nzima. Kila uzi uliotoka aliupokea kwa mkono akaunyoosha kwenye goti lake. Nywele zilikuwa zimeshika kwenye mizizi, vumbi jeusi lile la Goma bado liko kwenye ngozi ya kichwa, jeusi kabisa, na kilipopita kitana alifumba macho. Alilia kidogo katikati, mimi nikaendelea kufumua. Mwisho akahesabu nyuzi, 26, akazifunga pamoja akazitia ndani ya bahasha, akaandika juu jina la rafiki yake na tarehe 24/8.

Kisha akanyamaza, akasema kuna msichana wa darasa lake anakaa ngazi chache chini yetu, hajui kusuka ule mtindo wa shule, amemwomba amsaidie. "Naweza kwenda?" Alienda na kitana changu na mpaka saa moja hakuwa amerudi.

Jumamosi 17/9

Mvua kubwa ya kwanza. Ilianza saa tano usiku, mabati yanapiga hatusikizani. Kabla mimi sijashika hata taa wa pili alikuwa ameshavaa viatu, amefungua mlango wa nyuma na tochi ya simu, baba yake nyuma yake. Alirudi amelowa akazungusha mshale. Oranji. Akaamsha dada yake akamwambia vaa, akamvisha kadogo sweta yeye mwenyewe, akatuweka sote kwenye chumba cha mbele karibu na mlango. Hakuna aliyemcheka na hakuna aliyemwambia rudi ulale. Kila nusu saa walitoka kuangalia, yeye na baba yake, na mara moja tuliona tochi nyingine inapanda kutoka chini, ni yule muzee na jembe lake.

Maji yalipita. Mekundu, mengi, lakini yalipita. Saa nane usiku akarudisha mshale manjano, akavua viatu akaviweka mlangoni vimepangana, akalala. Asubuhi nikakumbuka kwamba koko hakupigiwa.

Jumapili 25/9

Kadogo amelala makavu usiku wa tisa. Anahesabu mpaka 40.

Jioni nimepika sombe, majani ya muhogo, na sambaza, tumekula kwa kuchelewa kwa sababu mkubwa alileta wasichana wawili wa kusuka na wamejaza sebule nzima. Wa pili alikuwa ametoka kuteleza na maboksi kwenye ule mteremko na watoto wa muzee, ameingia na udongo mwekundu mpaka masikioni, ameoga, ameangalia mtaro, amelala. Nilikuwa nafunika moto simu ilipolia. Ni koko.

"Huko hamjambo?"

"Hatujambo mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimetoka nje niko nausubiri. Siku ya tatu leo mutoto haniulizi mlima."

Nilimwambia amelala. Akanyamaza, nilisikia kandambili zake kwenye mawe, anatembea kidogo huko nje.

"Uko na mawingu leo," akasema. "Akiuliza kesho, mwambie uko na mawingu, siuoni vizuri."